Hilux ya baba, injini 5L: niitengeneze vipi ifike Loiyangalani na Chalbi na irudi?

BintiWaMolo

Hamjambo nyote. Nakaa Nakuru lakini kwetu ni Molo. Baba aliniachia pikapu yake, Hilux singo kebini ya 2003, fo-bai-fo, injini 5L ya dizeli ile ya cc 2986 isiyo na tabo, gia za mkono. Maisha yake yote imebeba viazi, Mau Narok hadi soko ya Nakuru, ukifungua mlango bado inanuka gunia. Watu wamenibembeleza niiuze nimekataa.

Sasa mimi na mdogo wangu tunataka kufanya ile safari baba alikuwa anasema kila Krismasi na hakuwahi kuifanya. Nakuru, Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr, tufike Loiyangalani tuone ziwa, halafu North Horr, Kalacha, tukate Chalbi hadi Marsabit na turudi na lami ya Isiolo. Siku kama kumi hivi, watu wawili, kulala ni kwa gari.

Nimeweka kando laki mbili. Nikaenda gereji moja hapa tao, jamaa akaniandikia karatasi: kuinua gari inchi nne, tairi za inchi 33, bampa ya chuma na winchi, keria ya juu, hema la kufungwa juu ya keria, snorkeli, taa za mbele kama za uwanja. Hesabu ikapita laki tano na akaniambia bila hivyo vitu huko siendi, nitakwama niliwe na fisi. Nilitoka hapo nikiwa nimevunjika moyo kabisa.

Hali ya gari ni hii. Imetembea kilomita 340,000 na ushee. Taimingi belti sijui ilibadilishwa lini, baba hakuandika mahali. Springi za nyuma aliongezewa majani mawili kila upande juu ya yale ya kampuni, kwa sababu ya viazi, na ikiwa tupu inaruka mpaka shingo inauma. Nikipanda Mau Summit na mzigo mshale wa joto unasogea juu kidogo halafu unarudi. Tairi ni 205R16, zimeisha. Fo-wili inashika, lo pia inashika, hiyo nimejaribu kwa tope ya shamba.

Naomba mnisaidie, nianzie wapi, na kwa hiyo karatasi ya gereji nikate nini? Tairi gani? Mafuta na maji nibebe kiasi gani?

Milimani4x4

Pole kwa msiba wa mzee dada, na hongera kwa kuikataza isiuzwe. 5L ni injini ya kufa nayo, pampu ya kawaida, hakuna kompyuta ya kukusumbua katikati ya jangwa.

Mimi niko Kisumu na yangu nimeiinua inchi mbili, sijutii. Huko kati ya South Horr na ziwa kuna mawe, si mchezo, na gari ya chini itagonga difu. Pia tairi kubwa inapita juu ya mchanga badala ya kuzama. Sisemi 33 lakini 235/85R16 ni saizi nzuri sana, nyembamba na ndefu, inaingia bila kukata bodi ukiinua kidogo. Na snorkeli usiikate, watu wanafikiri ni ya kuvuka mito peke yake lakini kazi yake kubwa ni vumbi, injini inavuta hewa ya juu ambako vumbi ni kidogo. Nilipitisha yangu barabara ya murami siku nzima nyuma ya lori na filta ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Winchi ndio unaweza ngojea.

DerevaWaKitale

Binti, shikamoo haifai hapa kwa sababu nadhani mimi ndio mkubwa, kwa hivyo nakusalimu tu. Nimeendesha pikapu Kitale hadi Lodwar na Lokichoggio miaka mingi, kabla ile barabara haijatengenezwa, na upande huo wako wa Maralal nimeenda mara nne. Acha nikuambie kitu kimoja nikisisitiza. Gari yako haikosi nguvu na haikosi urefu, adui yake huko ni UZITO. Kila kitu kwa hiyo karatasi ni chuma ya kuongeza.

Hebu tupige hesabu pamoja. Bampa ya chuma na winchi ni karibu kilo mia, na ziko mbele kabisa ya ekseli. Keria na hema la juu ni kama mia nyingine, na ziko juu ambako zinafanya gari iyumbe kwa kila shimo. Nyinyi wawili 140. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli ya akiba lita 40 ni kilo 34. Tairi ya pili ya akiba na rimu yake 28, jeki, vyombo, chakula, godoro, spea. Hujaweka hata sufuria na umeshapita nusu tani. Hilux inabeba tani moja ndio, lakini hiyo ni ya lami na ya safari fupi ya Mau Narok. Mzigo uleule kwa barabara ya makunyanzi, ile yenye mawimbi madogo, siku sita mfululizo unakuwa nyundo. Kabla hujaondoka peleka gari ikiwa imejaa kila kitu, na nyinyi mkiwa ndani, kwa mizani yoyote ya malori ya mahindi. Hapa Kitale ziko kila kona, hata Nakuru ziko, unalipa pesa kidogo unapewa karatasi. Ikizidi kilo 600 juu ya gari tupu anza kutoa vitu.

Sasa pesa yako, mimi ningeianzia chini ya boneti. Taimingi belti usijiulize mara mbili, kama hujui ilibadilishwa lini basi haijabadilishwa. Hizo za L ni kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni na safari inaishia hapo. Badilisha belti, tensheni pulli, na wota pampu wakiwa wamefungua mbele. Halafu huo mshale wa joto unaosogea ndio umenishtua kuliko yote. Fungua mwone kama themostati iko, ile valvu ndogo inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto. Nakuambia kwa sababu mafundi wetu wengi wakiona gari imechemka dawa yao ni kutoa themostati na kuitupa, wanasema Kenya ni joto haihitajiki. Kwa injini nyingi ukiitoa, maji yanapata njia ya mkato yanazunguka bila kupita kwa rejeta vizuri, ukiwa tambarare huoni, ukipanda na mzigo ndio unaona. Rejeta itolewe, tangi zake zifunguliwe, isuguliwe ndani na vyuma vyembamba, si kumwagiwa dawa tu. Feni pia, ile klachi ya mafuta katikati, injini ikiwa moto na imezimwa jaribu kuizungusha na mkono, ikizunguka kama ya mtoto imekufa. Weka kulanti ya kweli. Nilishaona watu wakijaza maji ya mto Turkwel kwa rejeta na baada ya mwaka inatoa uji mwekundu.

Hozi zote mpya, za zamani ukae nazo kama akiba. Fanbelti mpya. Bearing za magurudumu ya mbele zifunguliwe zipakwe grisi. Mafuta ya difu na giaboksi. Breki za nyuma usisahau kurekebisha. Hii yote haionekani kwa picha, lakini ndiyo itakurudisha Nakuru.

Ndugu wa Milimani, kwa snorkeli tuko pamoja, ni nyepesi na vumbi la huko ni kama unga wa ngano. Lakini kuiinua inchi nne HAPANA. Mbele ya hiyo gari hakuna springi, kuna torsheni ba, vyuma virefu vinavyojipinda, wakisema watainua maana yake wanakaza zile bolti mpaka mbele isimame kama mbuzi. Sivi jointi zinakaa kwa pembe mbaya, boljointi zinaisha, na gurudumu haliwezi kushuka tena likipata shimo, linagonga. Inchi moja inatosha.

Na 235/85 ni milimita 806 kwa urefu, yake ya sasa ni kama 735. Hiyo ni karibu asilimia kumi. Ni kama umebadilisha difu ikawa ndefu, 5L haina tabo, kule Poror na kwenye mteremko na mlima wa Marti utakuwa gia ya kwanza siku nzima, na spidi ikisema 80 uko 88. Achukue 225/75R16, ni karibu urefu uleule wa zake, ziko za LT plai kumi, zinapatikana hata Nyahururu. Sita, si tano.

FundiKibuye

Nimesoma yote. Mimi ni welda, niko jua kali hapa Kibuye, Kisumu, na pikapu za namna hii zinaletwa kwangu zikiwa zimeshaharibika kwa hivyo acha niongee kuhusu chasi na springi, hapo ndio nakula mkate.

Mwaka juzi jamaa alileta dabo kebini kutoka safari hiyohiyo ya Turkana. Alisema kanopi, kile kifuniko cha bodi ya nyuma, imekataa kufunga mlango, nitengeneze bawaba. Nikazunguka gari. Nikaweka vidole kwa ile nafasi kati ya kebini na bodi ya nyuma. Chini kidole kimoja kinaingia kwa shida. Juu vinaingia vitatu. Nikamwambia mzee shida yako si bawaba, chasi imekunjika. Tukaiinua, tukakwangua matope, na hapo nyuma ya kebini, karibu na ile nundu chasi inapoanza kupanda juu ya ekseli, kulikuwa na ufa unaoanzia kwa tundu la bolti na kushuka, mrefu kama kalamu, na ndani yake kutu imeshaingia maana yake haukuwa wa jana. Alikuwa amefunga matenki mawili ya maji mwisho kabisa kwa mlango wa nyuma, tairi mbili za akiba zimening'inia nje kwa bampa ya nyuma, na chini ameweka zile puto za hewa za kusaidia springi. Kila kitu kiko NYUMA ya ekseli. Ekseli inakuwa kama egemeo, mkia unashuka, na puto inasukuma chasi juu sehemu moja tu badala ya springi kugawa mzigo mbele na nyuma. Chasi inakunjika katikati kama mtu anavunja kuni kwa goti.

Kwa hivyo dada, vizito vyote viwe mbele ya ekseli ya nyuma, vikigusana na kebini. Maji hapo, dizeli hapo, batri ya pili hapo. Nguo na godoro ndio ziende mkiani. Hii haigharimu hata shilingi.

Na kama ufa utatokea huko mbali na unapata mtu wa weldi, mwambie asichomelee mstari mmoja wa kukata chasi wima, chuma kinakuwa kigumu hapo na kinapasuka tena pembeni ya weldi. Atoboe tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, ajaze, halafu aweke bati la umbo la almasi juu yake, achomelee pande zilizolala mshazari. Na batri itolewe terminali zote kabla ya kuchomelea, la sivyo altaneta inakufa.

Springi sasa. Baba yako alifanya kitu cha maana kwa viazi, lakini kwa safari yenu hayo majani ya ziada yatoke. Wewe utabeba kilo mia tano, yeye alikuwa anabeba tani na zaidi. Springi ngumu isiyofanya kazi inapeleka pigo lote kwa chasi na kwa shokamzoba, ndio hiyo shingo yako inauma. Nenda kwa watu wa springi, si welda, watoe yale mawili, waangalie jani mama kama lina ufa karibu na jicho, wabadilishe bushi zote na pini za shakoli, na wakuwekee sentabolti (ya kushika majani pamoja) na yu-bolti (za kufunga springi kwa ekseli) mpya. Yu-bolti za zamani hazirudishwi, zimeshavutika. Halafu baada ya kilomita 500 hivi za barabara mbaya, lala chini kwa gari na uzikaze tena. Hii watu wanasahau na ndio inakata sentabolti, na ikikatika ekseli inateleza nyuma unaona gari inatembea upande kama kaa.

Beba sentabolti mbili, yu-bolti mbili na mnyororo wa mita mbili. Jani mama likivunjika unaweka kipande cha mbao ngumu kati ya ekseli na chasi, mpira wa tyubu katikati ili isikate, unafunga na mnyororo na unatambaa mpaka kwa fundi. Wateja wangu wawili wamefika nyumbani hivyo.

Shokamzoba nne mpya, nzuri, usibane pesa hapo. Kwa makunyanzi shoki ya bei rahisi inachemka mafuta yake kwa saa moja na baada ya hapo unaendesha springi tupu. Ukisimama ziguse, zikiwa moto huwezi kushika punguza mwendo.

BintiWaMolo

Asanteni sana, kweli sikutarajia haya yote. Nimesoma mara tatu na nimemsomea mdogo wangu kwa simu.

DerevaWaKitale ni kweli. Nimeenda leo kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Industrial Area, akafungua pale mbele ya injini. Themostati haipo. Iko tu ile nyumba yake. Na rejeta alipotoa kofia akaingiza kidole kikatoka na kitu cha rangi ya matofali. Nilikasirika, kwa sababu baba alilipa gereji moja pesa nyingi akidhani imetengenezwa, na miaka yote alikuwa akipanda Mau akiangalia huo mshale kwa wasiwasi, nakumbuka akizima redio ili asikilize injini.

Swali lingine. Kwa kulala, hema la juu nimelitoa kwa orodha. Kanopi ya chuma au ya faiba? Ama turubai tu?

Safari_Eldoret

Hema la juu umefanya vizuri kulitoa na si kwa sababu ya uzito peke yake. Nililala Loiyangalani usiku tatu na upepo wa pale mtu hawezi kuuelezea. Jioni inakuwa tulivu unasema leo ni nzuri, halafu usiku unaanza kushuka kutoka mlima Kulal, unapiga mpaka asubuhi. Si bure waliweka ile mitambo ya umeme wa upepo 365 pale Sarima. Wenzetu walikuwa na hema la juu, saa nane usiku walishuka wakaja kukaa na sisi ndani ya gari kwa sababu turubai lilikuwa linapiga kelele kama bati na gari yote inatikisika. Sisi tulielekeza boneti kwa upepo tukalala nyuma vizuri.

Kwa hivyo lala ndani ya bodi. Singo kebini bodi yake ni ndefu, unajinyoosha mzima. Turubai juu ya fremu ya paipu nyembamba ni nyepesi kabisa na fundi yeyote anaishona, lakini vumbi litaingia, na vumbi la Chalbi lina chumvi na linaingia mpaka kwa unga. Faiba ni bora kama utapata ya mtumba. Chuma ni kizito, achana nayo. Mlango wa nyuma wa pikapu ndio unavuta vumbi kuliko mahali pengine, weka mpira wa mlango wa friji ya zamani kuzunguka kingo zote, na kwa mbele ya kanopi acha kidirisha kidogo wazi gari ikitembea ili hewa isukume kutoka ndani. Sisi tulijua hilo tukiwa tumeshakula ugali wa mchanga siku mbili.

Mafuta. Maralal jaza mpaka kofia. Baragoi yapo, Loiyangalani na North Horr unauziwa kutoka kwa pipa na bei ni yao, na siku nyingine pipa limekauka. Kutoka Maralal mpaka Marsabit kwa njia yenu ni karibu kilomita 500, jumlisha kupotea potea. 5L kwa lami inaweza kukupa kumi kwa lita lakini kwa mchanga na lo hesabu saba, hata sita. Tangi likiwa lita 65 hivi ni kilomita 450. Mitungi miwili ya lita 20 inakumaliza wasiwasi, zaidi ya hapo ni kubeba uzito bure. Yale ya pipa yachuje na kitambaa safi, na ubebe filta mbili za dizeli. Chini ya filta kuna skrubu ya kutoa maji, ifungue kila asubuhi kwa wiki hiyo, dakika moja tu.

Maji, lita tano kwa mtu kwa siku ya kunywa na kupika, na muwe na ya siku nne wakati wowote. Mkishindwa na gari mnakaa na gari. Msiondoke kutembea.

Upepo wa tairi ndio winchi yako. Lami nyuma psi 38, mbele 30. Ukiacha lami shusha hadi 28 na uone gari inavyolainika. Mchanga wa laga (mto mkavu) na Chalbi 18 na usizidi spidi 40. Lakini kwa yale mawe meusi ya lava ukishuka kutoka Sarima kwenda ziwani USISHUSHE sana, tairi ikivimba pembeni ndio jiwe linakata ukuta wake na ukuta hauzibiki. 28 na mwendo wa mtu anatembea. Beba kompresa ya kuunga kwa batri, vijiti vya kuziba pancha, na tyubu moja ya saizi yako, kwa sababu tairi ikikatwa ukuta unaweza kushona kwa ndani na kipande cha tairi nzee, uweke tyubu, ufike Marsabit.

Laga ikiwa na maji ngoja. Inaweza kuja na mvua ya mlima ambayo hujaiona na inaweza kuisha kwa saa tatu. Na Chalbi ikinyeshewa haipitiki, juu inaonekana kavu kama chapati na chini ni uji. Nendeni Januari au Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba.

Mwisho na hili ni la muhimu, asubuhi ya kutoka Maralal pitieni polisi muulize barabara ya Baragoi iko aje siku hiyo, si juzi. Baragoi mrudie kuuliza. Wakisema ngojeni, mngoje. Usiku hakuna kuendesha. Na kama gari itakusumbua ukiwa Sarima, kuna barabara pana ya murami iliyotengenezwa kupeleka ile mitambo, kilomita 208 hadi Laisamis, hapo uko kwa lami ya Marsabit. Ndio mlango wenu wa dharura.

Milimani4x4

Nakubali kwa tairi, sikuwa nimefikiria kwamba yangu ina tabo na yake haina, hapo nilikosea. Ya kuinua nitabaki na inchi moja mbele kama mzee alivyosema. Niongezee tu ile hab za mbele, kama ni zile za kufunga na mkono hakikisha zote mbili zinageuka kabla hujatoka nyumbani. Za pikapu ya shamba zinakaa miaka hazijaguswa zinashika kutu, unafika mchangani unaweka fo-wili, hab moja haijashika, na mbele hakuna gurudumu linalovuta. Fungua, safisha na petroli, grisi kidogo sana, si nyingi.

Kisha ukibadilisha bodi, yaani kanopi ya kudumu ama rangi, iandikishwe NTSA, wale wa usajili wa magari, na bima waambiwe. Kanopi ya kufunguliwa na bolti haijanisumbua mimi.

FundiKibuye

Na dada kabla ya yote hayo, kesho asubuhi weka vidole pale nyuma ya kebini. Gari ya viazi hiyo.

BintiWaMolo

Nimeweka. Nilitoka nje na tochi usiku huohuo sikungoja asubuhi. Upande wa dereva vidole viwili chini, viwili juu. Upande wa abiria viwili na viwili. Nikalala chini nikaangaza chasi yote kutoka nyuma ya kebini hadi kwa hanga ya springi, kuna kutu ya juujuu lakini ufa sijaona, na pale kwa nundu kuna bati mbili zimechomelewa zamani, umbo la almasi, kila upande moja, zimepakwa rangi nyeusi vizuri. Sikujua kama ziko. Nikampigia mama simu akasema baba alipeleka gari Kisumu mwaka fulani akakaa huko siku mbili, hakusema ni ya nini.

Kwa sasa orodha yangu ni hii: taimingi belti na wota pampu zinaingia Ijumaa, rejeta iko kwa mtu wa kusugua, themostati mpya nimenunua mwenyewe nimeishika mkononi. Jumatatu ni springi, majani mawili yatoke. Tairi sita za 225/75 nimeulizia Nyahururu, mbili zitabidi zingoje mshahara. Snorkeli na kanopi ya faiba kama pesa itabaki. Tunalenga wiki ya pili ya Januari.

DerevaWaKitale, ile mizani ya mahindi, naenda na tangi likiwa limejaa ama nusu?

DerevaWaKitale

Limejaa, na mitungi imejaa, na maji. Na upime mara mbili, kwanza gari yote, halafu songa mbele ushushe magurudumu ya mbele kutoka kwa jukwaa upime nyuma pekee yake. Niandikie hizo namba mbili hapa.